Baiskeli ya Kwanza ya Apolinaria

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye majani ya mihogo, Apolinaria alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kuchota maji na kuwasha moto wa uji. Kazi hizo zikiisha, alikwenda kusimama kando ya njia kuu iliyopita mbele ya kijiji chao cha Itobela. Ilikuwa ile njia pana ambayo zamani misafara ya wapagazi ilipita ikielekea Tabora. Sasa, mwaka wa nne tangu Uhuru, zilipita baiskeli, makundi ya ng'ombe, na mara chache lori la chama cha ushirika.

Apolinaria alimngoja mtu mmoja tu. Naye ni Silasi, jirani yao, mvulana aliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Wote wawili walikuwa wamefaulu mtihani wa kuingia darasa la tano. Lakini darasa la tano halikuwapo Itobela. Wanakijiji walikuwa wameanza kujenga kwa kujitolea, na matofali yalikuwa bado kwenye tanuri. Shule ya kati ilikuwa mbali, karibu na misheni, ng'ambo ya kijito na msitu wa miyombo. Silasi alikuwa na baiskeli aliyorithi kwa mjomba wake. Apolinaria hakuwa na kitu.

"Jana mlisoma nini?" aliuliza kila Silasi aliposimama kumsalimu.

"Sehemu za ua," Silasi alijibu asubuhi moja. "Na hesabu za sehemu. Mwalimu ameuliza tena kama unakuja. Amesema nafasi yako ataishikilia mpaka mwisho wa Januari, halafu atampa mwingine."

"Mwambie nakuja. Baba amesema asali ikilipwa tu, tunakwenda mjini kununua baiskeli."

Silasi akaondoka, na Apolinaria akamtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Alirudi nyumbani akachukua kijiti, akachora ua kwenye vumbi. Alijaribu kukisia majina ya sehemu zake. Hakujua hata moja.

Jioni, Silasi alimweleza mambo ya shuleni, naye hakuchoka kusikiliza. Alisikia habari za ramani kubwa ya Afrika iliyotundikwa ukutani, na za msichana wa darasa la saba aliyesoma gazeti mbele ya shule nzima. Alisikia pia habari za baiskeli.

"Ukienda kununua, chukua kubwa, nyeusi, yenye taa ya dainamo," Silasi alisema. "Wako wanaokuja na vibaiskeli vidogo. Wanachekwa."

Tangu hapo Apolinaria hakuota baiskeli nyingine. Aliiona akiwa anatwanga, akiwa anapalilia, hata akiwa kanisani Jumapili. Ilikuwa ndefu, nyeusi, inameta.

Siku ya kwenda mjini ilifika. Baba yake, Mzee Anselm, alikuwa mrina asali na mkulima, mtu wa maneno machache. Walipanda lori la ushirika pamoja na madebe ya nta, wakashuka sokoni Tabora, wakatembea hadi mtaa wa Mtendeni. Huko palikuwa na duka la baiskeli la Bi Fakhria. Mama huyo alikuwa wa moja ya familia za Kiarabu zilizofanya biashara mjini tangu enzi za misafara. Mume wake alipofariki, watu walidhani angefunga duka. Badala yake alijifunza kuunga tairi na kunyoosha rimu kwa mikono yake mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi," Apolinaria alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, Mzee Anselm. Ndiye huyu mwanafunzi?"

"Ndiye. Amefaulu. Nataka baiskeli ya kumpeleka shule na kumrudisha salama."

Bi Fakhria akawaonyesha baiskeli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kike, fupi, isiyo na bomba la juu. Ilikuwa imetumika, na rangi yake ya kijani ilikuwa imepakwa upya kwa brashi. Ya pili ilikuwa ndiyo ile ya ndotoni. Nyeusi. Taa yake ilimeta kama kioo, na kiti chake cha ngozi kilinukia upya.

Apolinaria aliigusa usukani kwa kidole kimoja, polepole, kana kwamba ingeweza kukimbia.

"Umewahi kuendesha?" Bi Fakhria alimwuliza.

"Ndiyo, ya Silasi."

Hilo halikuwa kweli sana. Alikuwa ameipanda ya Silasi mara chache, akipenyeza mguu chini ya bomba la juu kama watoto wote wa kijijini, huku Silasi akimshikilia kwa nyuma. Kwenye kiti hakuwahi kukaa.

"Hapa dukani tuna utaratibu," Bi Fakhria alisema. "Mtu hukaa kwenye kiti, miguu yote miwili iguse chini. Kisha huendesha kichochoroni na kusimama mbele yangu. Mtoto hasa. Asipoweza kusimama, simwuzii."

Lakini wakati huohuo aliingia mteja aliyebeba gurudumu lililopasuka tairi, akiwa na haraka ya kuwahi treni. Bi Fakhria akaomba radhi, akainama kumhudumia.

Apolinaria aliisukuma ile nyeusi hadi nje. Barazani palikuwa na ngazi ya saruji. Akaisogeza baiskeli ikaambatana na ngazi, akapanda. Mguu wa kulia ukakanyaga ngazi vizuri. Wa kushoto ulining'inia upande wa pili, mbali na ardhi, lakini baba yake, aliyekuwa amesimama upande wa ngazi, hakuuona.

"Unafika?" Mzee Anselm aliuliza.

"Nafika, baba."

"Na kuisimamisha, utaweza?"

"Nitaweza."

"Basi. Wewe ndiye utakayeipanda."

Bi Fakhria alipoinua kichwa aliuliza, "Amejaribu?" Mzee Anselm akajibu kwamba amejaribu na anafika. Bi Fakhria alimtazama Apolinaria kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno, lakini yule msafiri akamwita tena. Mzee Anselm akalipa, wakaagana.

Njia nzima ya kurudi Mzee Anselm ndiye aliyeendesha, na Apolinaria alikaa nyuma kwenye keria. Upepo ulipiga uso wake. Kila waliyempita aligeuka kuwatazama. Furaha ilimjaa, lakini chini ya furaha hiyo kulikuwa na jambo dogo lililomchoma, naye akajaribu kutolisikiliza.

Asubuhi iliyofuata baba yake alikwenda mapema msituni kutazama mizinga. Mama yake, Josepha, alimfungia viazi kwenye kitambaa.

"Mbona unapandia juu ya kinu?" mama aliuliza, alipomwona amesimama juu ya kinu kilicholazwa ili aifikie baiskeli. "Unaiweza kweli?"

"Naiweza, mama."

Akaondoka akiyumba. Silasi alikuwa anamngoja njiani, wakaongozana. Mahali palipokuwa tambarare mambo yalikwenda vizuri. Alilazimika kuegemea huku na huku ili kuzifikia pedeli, lakini alikuwa anakwenda, anakwenda shule. Akaanza hata kutabasamu.

Kisha ukaja mteremko wa kijitoni. Chini kabisa, ng'ombe waliotoka upande wa Ziba walikuwa wanavuka njia, wakipelekwa mnadani. Silasi alikamata breki, akaweka mguu chini, akasimama. Apolinaria naye alikamata breki. Baiskeli ilipunguza mwendo, ikasimama kama alivyotaka, lakini mguu wake ulipoitafuta ardhi haukuipata. Baiskeli ikalala upande pamoja naye, wakaingia mtaroni. Gurudumu la mbele lilijipiga kwenye jiwe. Apolinaria aliangukia mkono.

Mmoja wa wachungaji wa ng'ombe alimtoa mtaroni. Silasi, badala ya kwenda shule, alirudi naye nyumbani taratibu, yeye akisukuma baiskeli yake, na mchungaji akiwa amebeba ile nyeusi begani. Kifundo cha mkono wa Apolinaria kilikuwa kimevimba. Muuguzi wa zahanati ya misheni aliufunga, akasema haukuvunjika, ila upumzike.

Jioni Mzee Anselm aliinama juu ya baiskeli kwa muda mrefu. Aliuzungusha mnyororo, akabinya breki, akaangalia gurudumu lililopinda.

"Breki hizi ndizo zilizomwangusha mtoto," alisema hatimaye. "Bi Fakhria ameniuzia kitu kibovu. Sikutegemea hayo kwake."

Apolinaria alikuwa amekaa mlangoni. Alifungua mdomo, akaufumba. Alifikiri kwamba akisema kweli, baiskeli itarudishwa, na shule itakwenda nayo. Nafasi yake angepewa mwingine. Akainuka, akaingia ndani.

Kesho yake jirani yao Bernardo alipita kumpa pole. "Nilikuwa nakwenda kununua kwa yule mama wiki ijayo," alisema. "Sasa siendi. Na wenzangu wa ushirika nitawaambia, asije akaumia mtoto mwingine."

Siku hiyo Apolinaria hakula vizuri. Kila alipokumbuka uso wa Bi Fakhria na ile mikono yake yenye madoa ya grisi, alisogeza bakuli mbali. Mkono ulimwuma, lakini lile jambo jingine lilimwuma zaidi.

Jumamosi Mzee Anselm aliifunga baiskeli kwenye lori la ushirika. "Twende," alimwambia binti yake. "Akaone alichokifanya."

Dukani palikuwa na wateja wawili. Mzee Anselm hakupaza sauti, lakini maneno yake yalikuwa mazito. "Bi Fakhria, nilikuja kwako kwa sababu ya jina lako. Angalia mkono wa mtoto. Breki zako hizi."

Bi Fakhria aliduwaa. Aliipindua baiskeli, akabinya breki moja, kisha ya pili. Wateja walimtazama. "Mzee Anselm, hizi zinakamata," alisema kwa upole. "Lakini kama nimekosea, nitalipa."

"Baba," Apolinaria alisema.

Sauti yake ilitoka ndogo, akalazimika kurudia. "Baba, breki ni nzima. Zilisimamisha. Mimi ndiye ambaye miguu yangu haifiki. Siku ile nilikanyaga ngazi. Na kabla ya hapo, kukaa kwenye kiti sikuwahi."

Mzee Anselm alimtazama, na Apolinaria aliona jinsi uso wa baba yake ulivyobadilika, kwanza hasira, kisha aibu, kisha kitu kama uchovu.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliitaka sana. Na niliogopa kwamba nikisema siiwezi, tutarudi bila baiskeli."

Mzee Anselm alivua kofia. Akamgeukia Bi Fakhria mbele ya wale wateja. "Nisamehe. Nimekushutumu bure. Nitakwenda kwa Bernardo na kwa kila aliyesikia, niwaambie ukweli."

"Na mimi nitakwenda naye," Apolinaria alisema. "Nisamehe, Bibi."

Bi Fakhria alikaa kwenye kigoda chake. "Nimekusamehe. Na mimi niliuacha utaratibu wangu kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Mkono huu ungeweza kuwa shingo." Akalizungusha gurudumu lililopinda. "Gurudumu hili nitalinyoosha. Ile ya kijani bado ipo. Chukueni ile mniachie hii, na tofauti ya bei italipia matengenezo. Lakini safari hii, binti, hutoki hapa kabla sijaona."

Safari hii Apolinaria alikaa kwenye kiti katikati ya kichochoro, pasipo ngazi. Miguu yote miwili iligusa ardhi, visigino na vidole. Alikanyaga pedeli kwa tahadhari, mkono mmoja ukiwa bado na bendeji, akafika mwisho wa kichochoro, akarudi, akasimama mbele ya Bi Fakhria.

"Hiyo ndiyo yako," Bi Fakhria alisema.

Apolinaria aligeuka kuitazama ile nyeusi iliyoegemezwa ukutani na gurudumu lake lililopinda. Bado aliitamani. Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha.

Walikwenda kwa Bernardo na wenzake kama walivyoahidi. Siku zilizofuata, mkono ulipopona, Mzee Anselm alimpeleka kila jioni kwenye uwanja wa mpira wa kijiji. Hakumruhusu kwenda kasi. Alimfundisha kusimama kwanza: kusimama polepole, kusimama ghafla, kusimama mteremkoni. Silasi alikuja kutazama siku moja, akiwa tayari kucheka ile rangi ya brashi. Alipomwona Apolinaria akikata kona na kusimama bila kuyumba, aliuliza kama na yeye anaweza kufundishwa.

Januari ilikuwa inakaribia kwisha. Asubuhi ya kwenda shule, Mzee Anselm hakwenda kwenye mizinga. Alitembea na binti yake hadi juu ya ule mteremko wa kijitoni. Hapo wakasimama.

"Apolinaria," alisema, "nilipokuwa na umri wako nililitamani darasa la tano kama unavyolitamani wewe. Sikulipata, na hadi leo nikisikia watoto wakisoma kwa sauti, nasimama kusikiliza. Kwa hiyo najua kutamani ni nini. Kutamani si kosa, mwanangu. Kosa ni kutamani hadi unawaficha ukweli watu wanaotaka kukusaidia. Ungesema pale dukani kwamba hufiki, ungekuwa shuleni wiki mbili zilizopita, na jina la Bi Fakhria lisingechafuliwa. Chagua kile unachokiweza leo. Kikubwa utakipata utakapokua."

"Nimesikia, baba."

"Haya, nenda. Mwalimu anakungoja."

Apolinaria aliteremka akibana breki kidogo kidogo. Chini alisimama, akaweka miguu yote miwili ardhini, akatazama kulia na kushoto, kisha akavuka kijito. Mzee Anselm alibaki juu, kofia mkononi, akiiangalia ile baiskeli ya kijani ikipanda upande wa pili na kuingia kwenye miyombo, kuelekea mahali ambapo yeye hakuwahi kufika.