Kitambaa cha Bi Fumiko

Kila jioni Masuda alirudi kutoka madrasa, akavua viatu mlangoni, kisha akawasha televisheni kutazama katuni za Kijapani zinazozungumzwa kwa Kiarabu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Aliishi na mama yake, Bi Mwanamkasi, katika nyumba ya kupanga mtaa wa Discovery Gardens, mjini Dubai.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Bi Fumiko, mama wa Kijapani. Yeye pia alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa hilo Bi Mwanamkasi alimpenda. Siku moja walimpelekea bakuli la kaimati. Bi Fumiko hakulirudisha tupu. Alilitia vikeki vya mchele, akalifunga kwa kitambaa cha mraba cha buluu chenye mawimbi meupe.

Masuda alidhani kitambaa nacho ni zawadi, kama mtu anavyopewa kanga. Shuleni walikuwa wakijiandaa kwa Siku ya Japani, naye alitaka kuvaa kama shujaa wa katuni. Akachukua mkasi, akakikata vipande viwili, kimoja cha kichwani na kimoja cha kiunoni. Hakumwuliza mtu.

Jumapili, ambayo kule wakati ule ilikuwa siku ya shule, Mwalimu Ignatius aliwaonyesha darasani ndege wa karatasi, na vitabu vya katuni vinavyosomwa kuanzia kulia kama msahafu. Mwisho alifunga chungwa kwa kitambaa cha mraba.

"Hiki ni furoshiki," alisema. "Mjapani akikufungia zawadi, unachukua kilichomo. Kitambaa unamrudishia mwenyewe."

Masuda akaukumbuka mkasi.

"Una nini wewe? Unatingisha dawati," Caren, rafiki yake Mkenya, alimnong'oneza.

"Cha Bi Fumiko nimekikata."

"Amekiulizia?"

"Bado."

"Basi khalas. Asipouliza, usijibu."

Ushauri ule haukumtuliza. Kengele ya mlango ikilia, Masuda alikimbilia msalani. Akimwona Bi Fumiko kwenye lifti, alishuka kwa ngazi. Hata katika sala alisahau amefika rakaa ya ngapi.

Jumanne mama alimwita jikoni. "Bi Fumiko anarudi kwao Ijumaa. Nataka kumfungia vitumbua. Kitambaa chake kiko wapi?"

"Kimo kwenye nguo chafu, mama."

"Nguo chafu nilizifua jana zote."

Masuda akaanza kupanga vikombe vilivyokwishapangwa.

"Mwanangu, tangu Jumapili unakaa kama aliyekalia miiba. Sema."

Alivileta vipande. Mama alivitazama, akavua aproni. "Twende."

"Nenda wewe mama, umwambie."

"Kwani mkasi niliushika mimi?"

Bi Fumiko alifungua mlango. Masuda aliinamisha kichwa. "Nilikikata bila kuuliza," alisema. "Kisha nikamdanganya mama."

Bi Fumiko alivishika vile vipande. Hakutabasamu. "Kilikuwa cha mama yangu," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. Akazipapasa kingo zilizokatwa, moja baada ya nyingine, hata Masuda akatamani agombwe. Kisha akaleta sindano na uzi mweupe. "Kwetu kilichochanika hushonwa, na mshono haufichwi. Kaa hapa."

Jioni hiyo na mbili zilizofuata Masuda alishona. Alijichoma vidole. Mstari wa kwanza ulipopinda, Bi Fumiko alisema, "Fumua." Akafumua, akaanza upya. Siku ya Japani alikwenda na sare yake ya kawaida, na Caren akamtania, "Shujaa wa sare amefika."

Ijumaa asubuhi kitambaa kilikuwa kizima, mshono mweupe ukipita katikati. Mama alikifungia vitumbua, na Masuda akakipeleka kwa mikono miwili. Bi Fumiko alipitisha kidole juu ya mshono, kisha akainama. Masuda naye akainama.

Aliporudi, mama alimkalisha karibu.

"Kukata ulikosea kwa kutojua, ingawa kuuliza kungekuokoa. Lakini kuficha na kunidanganya ulijua unachofanya, na huko kuficha ndiko kulikokunyima raha. Ukiharibu cha mtu, mwendee mwenyewe kabla hajakuuliza. Aibu yake ni ya saa moja, na Mungu yuko pamoja na msema kweli. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, yalla. Kamsaidie kubeba masanduku."

Masuda alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.