Nani Alisema Ndugu Alikuwa na Wivu?

Kila asubuhi Iriza alijitwika beseni la sambaza wabichi, samaki wadogo wa ziwani, na kumsindikiza mama yake, Kankindi, hadi barabara ya mpakani. Hapo mama alilipokea beseni, akavuka kwenda kuuza Goma, na Iriza akageuka kwenda shuleni. Wiki hiyo alitembea akiongea peke yake. Ijumaa yeye na mwanafunzi mwenzake, Twahir, wangesimulia hadithi mbele ya majaji, na jozi moja tu ingechaguliwa kuiwakilisha shule katika mashindano ya wilaya.

Masharti yalikuwa wazi. Kila jozi isimulie hadithi ya kale ya taifa la mbali, kisha ijibu maswali kuhusu sababu zilizowafanya mashujaa watende walivyotenda. Iriza alichagua hadithi ya Ayalandi, ambayo alikuwa ameisoma katika riwaya mpya aliyoazimwa na binamu yake Kenny wa Goma. Ndani yake, kijana mmoja analinda kivuko cha mto peke yake dhidi ya jeshi la malkia, mpaka malkia anamtuma rafiki aliyelelewa pamoja na kijana huyo aje apigane naye. Majina ya Kiayalandi yaliwashinda kutamka, kwa hiyo wakakubaliana kuwaita Mlinzi na Ndugu.

Katika riwaya ile, Ndugu alikwenda kivukoni kwa sababu ya wivu: yeye na Mlinzi walimpenda msichana mmoja. Iriza aliipenda sana sehemu hiyo. Kila alipoifikia katika mazoezi, alishusha sauti na kushika kifua.

"Wivu haumo," Twahir alisema Jumatatu, walipobaki darasani kufanya mazoezi. "Nimesoma tafsiri ya hadithi yenyewe ya kale, iko maktaba. Ndugu alikataa kwanza. Malkia akamtishia kwamba malenga watamtungia nyimbo za dhihaka, aaibike nchi nzima. Akamwahidi pia mali na binti yake. Ndipo akaenda."

"We Twahir! Nani atalia kwa sababu ya nyimbo?"

"Si kazi yetu kuliza watu. Hiyo wivu iko wapi? Nionyeshe."

"Iko kwenye kitabu changu."

"Kitabu chako kimeandikwa juzi. Nani alisema Ndugu alikuwa na wivu?"

"Bon, donc we ndiyo mwalimu sasa?"

Jumanne aliuliza tena. Iriza alipofungua mdomo kusimulia, Twahir aliinua kidole: "Nani alisema?" Akaendelea, na kidole kikainuka tena. Swali hilo lilimchosha Iriza kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua.

Wakati wa mapumziko aliwaambia wenzake, "Twahir ananionea wivu. Anajua watu watanisikiliza mimi, si yeye. Ndiyo maana anaiharibu hadithi yangu."

Gentil, mcheshi wa darasa, hakuhitaji zaidi. Twahir alipopita uani, Gentil alivua kofia na kuinama. "Karibu, Bwana Wivu!" Kufikia saa ya kwenda nyumbani, hata wanafunzi wa madarasa ya chini walikuwa wakimwita hivyo.

Jumatano Mwalimu Nyirabahire alimwita Iriza ofisini. Alikuwa amekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula.

"Twahir amejitoa. Asiye na mwenzake hashiriki. Una mpaka kesho jioni kulirekebisha jambo hili, na sitamlazimisha yeyote."

Iriza alifika nyumbani akinung'unika. Mama alikuwa akiosha beseni.

"Mama, Twahir ameniharibia kila kitu. Ni wivu tu."

"Wivu? Nani alikuambia?"

"Najua tu."

Mama aliacha kuosha. "Unajua tu! We mutoto unanichosha. Babu yake Twahir ndiye alimupa babu yako ng'ombe, wakati hakuwa na kitu. Mutu akikupa ng'ombe, humusemi njiani. Hata akikosa, unaenda kwake, unamuuliza. Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Basi usiniambie unajua."

Kesho yake Iriza aliingia maktaba akiwa bado na hasira. Alitaka kuipata sababu yake katika tafsiri ile ya kale, amwonyeshe Twahir, na wote wanyamaze. Alisoma kurasa za vita vya kivukoni. Vitisho vya malkia vilikuwepo, pamoja na ahadi zake. Wivu haukuwepo. Badala yake alikuta jambo ambalo riwaya ilikuwa imeliacha. Kila jioni, baada ya kujeruhiana mchana kutwa, Mlinzi alimpelekea Ndugu dawa za majeraha ng'ambo ya mto, na Ndugu akampelekea Mlinzi chakula. Farasi wao walilala katika zizi moja.

Alirudia kusoma sehemu hiyo. Mtu hamgawii chakula anayemwonea wivu. Sababu ile iliyomfanya ashike kifua haikulingana na matendo ya Ndugu.

Kisha akamfikiria Twahir. Yeye naye matendo yake yalikuwa nini? Aliuliza swali moja, mara nyingi, kwa njia ya kuudhi. Basi. Mengine yote Iriza alikuwa ameyaongeza mwenyewe.

Alimkuta bombani akijaza kidumu.

"Twahir, kwa nini ulikuwa unaniuliza vile?"

"Sasa ndiyo unauliza?"

"Ndiyo, sasa."

Twahir alifunga bomba. "Mwaka jana nilisimama pale mbele. Jaji akaniuliza nilikotoa maneno yangu. Nikakosa jibu. Ukumbi wote ulicheka, Gentil akaanguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka. Sikutaka wakucheke na wewe."

Iriza aliangalia maji yaliyomwagika miguuni. "Niliwaambia watu una wivu. Nilitunga."

"Mimi najua ulitunga. Wao hawajui."

Kwa hiyo, kabla ya kengele ya mchana, Iriza alisimama mbele ya darasa na kusema wazi kwamba maneno yale yalikuwa ya uongo, na kwamba ni yeye aliyeyatunga.

"Yewe!" Gentil akalalamika. "Jina nimeshalizoea. Sasa nitamwita nani?"

"Mwite Twahir."

Twahir akakubali kurudi, na Ijumaa walisimulia hadithi ya kale ilivyo. Walipofika kwenye chakula kilichovushwa mto, ukumbi ulitulia kuliko katika mazoezi yoyote. Ndipo jaji akauliza, "Nimesoma riwaya inayosema Ndugu alikuwa na wivu. Mbona ninyi hamkusema hivyo?"

"Riwaya hiyo ni mpya," Iriza alijibu. "Msomaji wa leo haogopi nyimbo za malenga, lakini wivu anauelewa haraka. Mwandishi alibadilisha sababu ili tumwelewe Ndugu upesi. Kwa watu wa hadithi ya kale, kudhihakiwa na malenga kulikuwa kubaya kuliko kufa."

"Na hiyo iko maktaba," Twahir aliongeza, "rafu ya juu."

Walichaguliwa. Darasa lilipomaliza kupiga makofi, Mwalimu Nyirabahire alisimama. Hakutabasamu.

"Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kumtungia shujaa wa kale sababu mpya. Msomaji anajua kwamba anasoma riwaya, na shujaa huyo hatapita uani kesho akizomewa. Twahir anapita uani kila siku. Mtu aliye hai hatungiwi sababu, Iriza. Anaulizwa. Nanyi mliocheka bila kuuliza ushahidi, mlimsaidia kutunga."