Supu Isiyo na Mfupa

"Funika, Leonie. Kila ukifunua unaiongezea nusu saa."

Leonie hakufunika. Alikuwa amesimama na mfuniko mkononi, chumba cha nyuma cha bucha ya mchumba wake, miwani imejaa mvuke, anachungulia sufuria ya umeme. Ile ya kupika taratibu, unaiwasha asubuhi ukienda kazini, jioni unakuta chakula kimelainika chenyewe. Aliona dengu, vipande vya boga, karoti, shayiri, maharage mekundu. Akachukua mwiko akakoroga mpaka chini kabisa. Hakuna mfupa, hakuna hata kipande cha mafuta.

"Nyama iko wapi?"

"Haina."

"Haina vipi? Dermot, wewe una bucha."

"Kwani mwenye bucha haruhusiwi kula dengu?"

Ruhusa anayo, nani amkataze. Tatizo ni kwamba Leonie alikuwa anamjua. Huyu ni mwanaume ambaye mboga pekee anayoitambua duniani ni kiazi, na kiazi chenyewe kiwe kimekaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Leo anapika boga? Akamuuliza supu ni ya nani, akasema yake. Akamuuliza mbona sufuria nzima, akasema nyingine ataiweka kwenye friji. Kengele ya mlango wa mbele ikalia, mteja huyo, Dermot akatoka haraka kama mtu aliyeokolewa. Leonie akabaki na mwiko wake, haelewi.

Jioni kwenye simu ya Leonie ukaingia ujumbe wa Dermot: "Leo nitachelewa mpenzi. Kuna mzigo napeleka. Kula tu usinisubiri."

Alhamisi iliyopita alituma maneno hayohayo. Na ile ya nyuma yake vilevile.

Nyie, mapenzi yakikuchanganya hayakupigii hodi. Harusi ilikuwa Agosti, baridi ikianza kulegea. Ukumbi wa mji wa Kooralin ulishachukuliwa, na mwanakondoo mzima alikuwa abanikwe nje ya ukumbi. Harusi ya mwenye bucha, watu wangekula nini kingine? Merv, jirani wa baba yake Leonie kule mashambani, kila akimkuta Dermot dukani alimwambia kwa sauti ya kusikika barabara nzima kwamba kwenye hiyo shughuli ameshaweka nafasi ya paja. Na katikati ya furaha yote hiyo bwana harusi anapika dengu kwa siri. Ukimuuliza Leonie kwa nini linamsumbua, asingejua kukujibu vizuri. Alijua tu kwamba mwanaume hajifunzi chakula kipya bure. Anajifunza kwa ajili ya mtu.

Jumapili akaenda shambani kwa baba yake. Mzee Athol aliishi peke yake na mbwa wake, Biskuti, tangu mama yake Leonie afariki. Alifuga kondoo maisha yake yote, mpaka moto wa kiangazi cha mwaka juzi ulipopita kwenye malisho yake. Hakununua kondoo wengine. Leonie alikuwa na desturi ya kwenda kila Jumapili na mguu wa mwanakondoo kutoka kwa Dermot, anauoka na viazi, wanakula wawili. Zamani mzee alikuwa anamaliza sahani mbili na mfupa anautafuna. Siku hizi alikata nyama vipande vidogo, akavizungusha kwenye sahani, halafu mkono ukashuka chini ya meza, na Biskuti akasikika akilamba.

"Baba, nimekuona."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshiba nini? Hujala."

Na hilo ndilo lililomchanganya. Mwaka mzima mzee alikuwa amekonda, anaishi kwa chai na mkate wa kuoka. Lakini miezi hii ya karibuni mashavu yalikuwa yamerudi. Mtu asiyekula ananenepaje? Leonie aliona jibu moja tu: mzee anakula, ila nyama ya Dermot ndiyo haitaki. Akaona bora aulize.

"Baba, niambie ukweli. Dermot humtaki?"

"Dermot ni kijana mzuri sana."

"Basi mbona nyama yake unampa mbwa?"

Mzee akatazama dirishani, akatazama sahani, akauliza kama chai ipo. Leonie akainuka kuchemsha maji. Mdomo wa baba unamkubali mkwe, mkono unamkataa. Amsikilize yupi?

Jumatano akapita bucha kumsaidia Dermot usafi. Sufuria ya umeme ilikuwa juu ya kabati, imeoshwa, inang'aa. Akaishusha, akaigeuza. Kule kwao kila mtu anaandika jina chini ya chombo chake, maana kwenye misiba na shughuli za ukumbini vyombo vinachanganyika na usipoandika umekipoteza. Chini ya ile sufuria kulikuwa na kipande cha utepe wa gundi, maandishi ya wino mzito: ROWENA.

Rowena alimjua, nani asiyemjua. Alikuwa na kibanda cha mboga karibu na posta, hana mume, nyama hajaionja tangu utotoni, na nywele zake zilikuwa zinafika kiunoni. Dermot akaingia akamkuta ameikumbatia sufuria kama mtoto.

"Rowena ni nani kwako?"

"Rowena? Anauza kabichi."

"Usinifanye mjinga. Hii sufuria yake inafanya nini hapa?"

Dermot alikuwa mweupe lakini hapo akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Leonie, siwezi kukuambia. Si kwamba sitaki. Siwezi."

"Kuna mtu unampelekea chakula Alhamisi."

"Ndiyo."

"Namjua?"

Dermot akashika kitambaa, akaanza kufuta meza. Leonie akaichukua sufuria, akatoka nayo mlango wa mbele mbele ya wateja, waya wa umeme unaburuta chini.

Akaitua kwenye meza ya Rowena, katikati ya kabichi na vitunguu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, maneno yote ameyapanga. Rowena akakigeuza chombo, akasoma jina lake, akaanza kucheka.

"Mwenzangu, hii niliitoa duka la mitumba la kanisa. Nilipata kubwa zaidi. Kumbe ndiyo aliyoinunua Dermot?"

"Kwa hiyo hujui kama anaitumia kupika?"

"Kupika najua, maana alikuja hapa kuniuliza. Anataka supu ya mboga inayoshibisha. Nikamwambia vitunguu avikaange mpaka viwe kahawia. Maharage mekundu ayachemshe kwanza kwa moto mkali, maana moto wa humu ni mdogo, sumu yake hauiui. Mwisho atie kijiko cha Vegemite, ile nyeusi ya chumvi tunayopaka kwenye mkate, itampa uzito wa supu ya mfupa bila mfupa."

"Alisema ni ya nani?"

"Jina hakutaja. Alisema tu iwe ya kumshibisha mwanaume wa kazi."

"Mwanaume?"

"Ndivyo alivyosema. Na isinukie nyama hata kidogo."

Leonie akasimama pale kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Hasira alikuja nayo, sasa hana wa kumpa. Alipompigia shoga yake Tegan kumweleza, Tegan naye akakwama, akaishia kusema labda Dermot ana mtoto wa nje. Leonie akamuuliza mtoto gani anaitwa mwanaume wa kazi. Wakakata simu. Usiku huo hakulala, maana aliona kitu kimoja wazi: hata kama hakuna mwanamke, kuna mlango wa maisha ya Dermot ambao yeye amefungiwa nje, na harusi iko mlangoni. Huwezi kuolewa na mtu ambaye Alhamisi zake huzijui.

Asubuhi akamrudishia Dermot sufuria yake bila neno. Alasiri akapaki gari nyuma ya ghala la nafaka, akangoja. Pete alikuwa ameivua, iko mfukoni mwa koti. Pikapu ya Dermot ilipotoka mjini akaifuata kwa mbali. Ikapita uwanja wa mpira, ikapita njia ya kwenda kwa Rowena bila kupunguza mwendo, ikaingia barabara ya mashamba. Leonie alijua kila kona ya barabara ile. Alipoona pikapu inawasha taa ya kukata kushoto, akakanyaga breki. Lile lilikuwa geti la baba yake.

Akaingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha. Dermot alikuwa amevaa aproni ya marehemu mama yake Leonie, anakata mkate. Mzee Athol alikuwa mezani, bakuli mbele yake, anakula. Si kuzungusha kijiko. Anakula, kichwa kimeinama, jasho jembamba linamtoka. Biskuti alikuwa amelala karibu na jiko, hana habari, maana siku hiyo hakuna cha kupewa.

"Baba?"

Kijiko kikasimama hewani. Dermot akamtazama mzee, hakumtazama Leonie. Akangoja mzee aseme. Mzee akakiweka kijiko chini polepole.

"Usimlaumu. Nilimwapisha."

"Umwapishe kwa sababu ya supu?"

"Kaa, mwanangu."

Leonie hakukaa. Mzee akasema hivyohivyo, akiongea na bakuli lake.

"Siku ya moto wewe ulikuwa mjini. Kondoo hawakufa wote. Walikuwa wamesimama kwenye uzio, wameungua, wananitazama. Niliwamaliza kwa bunduki mmoja mmoja, mimi na Merv, kutoka malisho yangu tukaenda yake. Nilifuga wanyama wale kwa mkono huu. Tangu siku hiyo nikisikia harufu ya nyama inayookwa, niko palepale kwenye uzio."

"Jumapili zote hizi nakuja kukuokea mguu humu ndani."

"Ulikuwa unafurahi. Ningekuambiaje? Mfugaji wa kondoo asiyeweza kula kondoo. Pale klabuni wafugaji wenzangu wangenicheka mpaka naingia kaburini."

Ikawa zamu ya Dermot. Alisema mzee aliingia dukani siku moja kununua soseji za mbwa, akatazama kabati la nyama, akaanza kutetemeka. Dermot akafunga duka, akamkalisha nyuma, na mzee akamwambia yote baada ya kumwapisha. Alipoona anakonda, akaona atafute namna. Sufuria ile aliichagua duka la mitumba kwa sababu ya jina lililokuwa chini yake: chombo cha Rowena hakijawahi kuingia nyama, na vyombo vyake mwenyewe vyote vinanuka kazi yake.

Leonie alikuwa analia, na alikuwa amekasirika, na hakujua kipi kianze. Akaitoa pete mfukoni, akaiweka mezani karibu na mkate.

"Unaiona? Nilikuja kukurudishia. Ungekubali nikuache kwa sababu ya supu?"

"Siri haikuwa yangu, Leonie."

"Nimekuuliza ungekubali?"

"Ningeumia," Dermot akasema. "Lakini Alhamisi ningekuja. Mzee angekula nini?"

Hapo ndipo Leonie alipovuta kiti akakaa. Akanyoosha mkono, Dermot akamvisha pete, vidole vyake vina unga wa mkate. Akaomba bakuli naye. Ilikuwa na chumvi nyingi kidogo, lakini ilikuwa nzuri.

Siku ya harusi ikafika, na nje ya ukumbi hapakuwa na moto wala mwanakondoo. Leonie alikuwa ameomba kila mama aje na sufuria yake ya umeme, supu ya mboga tupu. Zikapangwa ukutani, zote zikachomekwa soketi za upande mmoja, na umeme wa ukumbi mzima ukakatika wakati mchungaji anaomba. Watu wakacheka, fyuzi ikarudishwa, sufuria zikagawanywa mpaka jikoni. Lakini walipoona kinachopakuliwa, vicheko vikageuka minong'ono. Na Merv, sauti yake ileile, akasimama na bakuli mkononi.

"Jamani, nimekuja harusi ya bucha au ya sungura? Paja langu liko wapi?"

Ukumbi ukacheka. Dermot alicheka nao, akiwa tayari kulibeba jina hilo la sungura miaka yote iliyobaki. Leonie akamshika mkono baba yake chini ya meza, akamnong'oneza kwamba si lazima aseme kitu. Mzee akainuka hata hivyo.

"Ni kwa ajili yangu, Merv," akasema. "Siwezi kula nyama. Tangu ile siku ya uzio. Mkwe wangu ndiye ananilisha, miezi mingi sasa. Anayetaka kucheka, acheke."

Hakuna aliyecheka. Merv alibaki amesimama, bakuli limemwinama mkononi, supu inadondokea viatu vyake vya harusi. Akamtazama mke wake, Glenys, halafu akamtazama Athol.

"Mimi nimemwambia huyu nina vidonda vya tumbo," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Bucha huwa naingia kupiga kelele tu. Sijala nyama tangu siku ile ya uzio, Athol."

Glenys akaweka mkono mdomoni. Mzee Athol akavuta kiti kilichokuwa karibu naye, akakipigapiga kwa kiganja. Merv akaja akaketi. Leonie, na gauni lake jeupe, akaenda akachukua upawa, akamjazia bakuli mpaka juu.