Walikunywa Wiski ya Baba Yangu kwenye Mahari ya Mke Mwenzangu

Nina umri wa miaka arobaini na mbili, mama wa watoto watatu, fundi cherehani hapa Nyamagana. Tangu usichana wangu naimba kwaya kanisani. Nayasema haya mapema ili mjue kwa nini niliiogopa chupa moja ya wiski kuliko mwizi niliyelala naye kitanda kimoja!

Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kwa miaka mingi. Mfalme wa kwao alipotawazwa, zilitengenezwa chupa chache za wiski kuadhimisha sherehe hiyo, kila moja na namba yake, ndani ya kasha la mbao lenye taji la dhahabu. Mzungu akamletea baba moja. Baba hakuionja. Alipokaribia kufa aligawa mali: ng'ombe na mashamba kwa kaka zangu, kama ilivyo desturi kwetu Wasukuma. Mimi binti akanipa ile chupa. Nililia... Sikuwahi kurithi kitu kingine.

Kosa langu lilianzia hapo. Mwanakwaya na pombe ndani? Akina mama wa kanisa wangesemaje? Nikampa mume wangu, Masanja, aifungie kwenye tranka lake, na kila aliyeiona nikamwambia ni ya Masanja. Nilijiona mjanja!

Jumamosi moja Masanja aliaga kwamba anakwenda msibani Magu. Mchana, nikiwa kazini, nikafungua simu. Mteja wangu mmoja alikuwa ameweka picha, amevaa gauni nililomshonea wiki hiyohiyo kwa ajili ya mahari ya mdogo wake huko Bujora. Nikaikuza picha nione mshono ulivyokaa... Nyuma yake, mezani, nikaona taji la dhahabu. Na pembeni, kwenye kiti cha mposaji, glasi mkononi, Masanja!

Jamani! Kumbe nilishona nguo ya sherehe ya mke mwenzangu kwa mikono yangu mwenyewe? Ng'ombe wa baba nilinyimwa, na chupa nayo ikamwolee mume wangu mwanamke mwingine?

Nilipanda bodaboda na futi kamba ikiwa bado shingoni. Nilipofika niliwaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba wakidhani ni mgeni wao. Nikasema mimi ni mke wa Masanja, na chupa ile ni yangu.

Masanja akacheka. "Huyu ni mwanakwaya, wazee. Hebu mwulizeni mbele ya watu kama anamiliki pombe."

Kati ya wageni niliwaona waumini wawili wa kanisa letu, wamenikazia macho. Ningekana, ningebaki na heshima yangu na chupa ingekwenda. Mnadhani nilikana? Thubutu!

"Ndiyo, ni pombe, na ni yangu!" nikasema. "Ligeuzeni hilo kasha msome chini."

Baba wa binti, mzee wa miwani, akaligeuza. Baba yangu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wake wa shida: Ya Nyamizi binti yangu. Yule mzee akaweka glasi yake chini.

"Mwanangu, tusamehe. Tumekunywa urithi wako bila kujua." Kisha akamgeukia Masanja. "Wewe ulituambia mkeo ni marehemu. Swaga ng'ombe wako, uondoke."

Nilirudi na nusu chupa. Masanja alituma watu wawili kuniomba msamaha. Nikamfungia nguo zake kwenye lile tranka lake, nikaliweka nje. Kanisani nimesimamishwa kuimba miezi mitatu. Sitawadanganya, inauma... Jumapili nikisikia wenzangu wakiimba, machozi yananitoka. Lakini nitubu kwa sababu ya alichonipa baba yangu? Situbu!

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi wanawake, nawasihi: kilicho chako kitaje kwa jina lako mbele za watu, hata kama watanuna. Mimi niliogopa maneno ya watu, nikampa mwizi ufunguo, kisha nikampa na utetezi juu yake. Msipite nilikopita.

Chupa sasa iko sebuleni. Wiki iliyopita mchungaji alikuja kuniombea, akaikuta mezani, akaitazama sana. Nilimwandalia chai palepale, na chupa sikuiondoa.