Mluzi Kwenye Ukungu

Christa ni mtoto wa mama yangu mdogo. Tulikuwa tukikaa pamoja hapa mtaani Himbi, na kila Jumamosi asubuhi aliniacha nimelala chumbani kwangu, akafunga kamba za viatu, akapanda pikipiki hadi Kibati, juu ya Kanyaruchinya, kwenda kukimbia mlimani. Alirudi na matope mpaka magotini, akicheka peke yake. Alisema ukungu ukishuka kwenye mikaratusi na mawe meusi ya volkano yakilowa, miguu inapata akili yake yenyewe, na mtu anasahau ofisi, anasahau hata vita.

Alikimbia na Wenceslas, muuza vitenge, mwanaume mnene aliyevunjika pua utotoni kwenye mpira. Akipumua, pua ile ilipiga mluzi mwembamba.

"Weye hautapotea kwa ukungu," Christa alimtania.

Kisha akaja Lucie. Alijitokeza tu njiani siku moja, amevaa koti la bluu, akaomba kukimbia nao. Alisema anakaa Himbi, ila avenue, barabara anayokaa, hakuitaja, na mimi sijawahi kumwona hapa. Alikuwa mpole. Kitu kimoja tu: hakukubali kukimbia mbele.

"Mutangulie," alisema. "Mimi niko nyuma."

Christa alikuwa mwepesi, kwa hiyo aliyebaki karibu na Lucie ni Wenceslas. Haukupita muda, akaanza kukaa chini kila kona. Halafu akashindwa kupanda hata ngazi za nyumba yake. Hospitali walimpiga radio, picha ya kifua: mapafu safi. Padri alikuja kumpaka mafuta ya wagonjwa.

Christa alipokwenda kumwona, aliinama karibu na uso wake. Pua ilikuwa kimya.

"Ule mwanamuke," Wenceslas alinong'ona, "hapumuake. Siku zote alikuwa nyuma yangu. Sijamusikia hata mara moja."

Nilimwambia Christa asirudi kule. Alikataa.

"Nikimuita mulozi, muchawi, bila kujua, batu batamuchoma," alisema. "Acha nisikie mwenyewe. Akipumua kama sisi, nitanyamaza."

Jumamosi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito. Wakaanza kupanda, Christa mbele, Lucie nyuma. Mwanzoni, aliniambia baadaye, alisahau kabisa hofu. Ardhi ilikuwa laini, majani yalidondosha maji, mwili ukamwia mwepesi. Kisha akakumbuka kilichomleta. Akaongeza mwendo, akakata kona, akajibana nyuma ya jiwe kubwa. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Hatua zikaja. Nyepesi. Taratibu.

Na pumzi ikasikika.

Christa akataka kushukuru Mungu. Lakini pumzi ile ilikuwa na mluzi. Mluzi mwembamba, wa pua iliyovunjika.

Lucie akapita karibu naye. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Mluzi ulitoka kifuani.

Akasimama. Hakugeuka.

"Na weye pumua, dada," alinong'ona. "Utachoka."

Christa alivumilia. Macho yakaingia giza. Kifua kikamshinda.

Akapumua.

Hakumbuki alivyoshuka. Alijikuta barabarani, ameshika mkono wa mwenye pikipiki. Nyuma yake hakushuka mtu.

Asubuhi hiyohiyo Wenceslas aliomba uji. Leo yuko dukani kwake, na mluzi wake unausikia kabla hujaingia. Lucie hakuonekana tena. Christa hakukimbia tena. Yuko Bukavu kwa wazazi wake. Mama mdogo anasema akitoka kisimani anapumzika mara nyingi, kama bibi kizee.

Mimi nimehamia chumba chake. Ninalala peke yangu, mlango nimefunga kwa ufunguo. Kila asubuhi kwenye kioo cha dirisha kuna doa la ukungu, ukubwa wa mdomo wa mtu. Liko upande wa ndani. Kitanda changu kiko ukuta wa mbali, pumzi yangu haifiki pale.

Ninalifuta. Kesho yake lipo.

Jana nililigusa kabla halijakauka. Lilikuwa bado lina joto.