Zulia Moja, Wanunuzi Watatu

Kila siku baada ya masomo, Saikal alipitia kwa shangazi yake Burul, akanywa chai ya maziwa na kula kipande cha mkate na jamu, kisha akakimbilia karakana ya akina mama, ambako shangazi naye alitengeneza mazulia. Karakana hiyo ilikuwa ghala la zamani la nafaka, pembezoni mwa mji wa Kochkor. Chumba cha mbele kilinukia sabuni na sufu iliyolowa. Humo wanawake waliimwagia sufu maji ya moto, wakaiviringisha na kuikanyaga mpaka ikashikamana na kuwa nzito, kisha wakaikata nakshi na kuishona kuwa mazulia. Chumba cha nyuma kilikuwa na jiko la makaa na kompyuta chache. Hicho kilikuwa cha Saikal na wenzake wa klabu ya kompyuta.

Klabu iliongozwa na Mwalimu Gulzat, ambaye aliwahi kufanya kazi ya kutengeneza programu mjini Bishkek, mji mkuu, kabla ya kurudi nyumbani kufundisha. Yeye na akina mama walikuwa wamekubaliana jambo moja kubwa: wanafunzi watajenga duka la mtandaoni, ili mazulia ya Kochkor yauzwe moja kwa moja kwa wanunuzi wa mbali. Miaka yote mazulia yalichukuliwa na mfanyabiashara mmoja aliyefika na lori kila majira ya kuchipua, akataja bei aitakayo yeye, akaondoka.

"Kabla hatujagusa kompyuta," mwalimu aliwaambia siku ya kwanza, "tujue tunajenga nini, nani anafanya nini, na kipi kinatangulia kipi."

Walikaa na akina mama wakawauliza maswali. Kila kazi waliiandika kwenye kadi, wakazibandika kadi hizo ukutani chini ya maneno matatu: Bado, Inafanyika, Tayari. Argen, mvulana mrefu mwenye kucheka ovyo, alipewa ukurasa wa malipo. Aidai, aliyependa kupiga picha, alipewa picha na maelezo ya mazulia. Saikal alipewa kazi iliyoonekana ndogo: duka lijue kila wakati ni mazulia gani yamebaki. Hakuna zulia la Kochkor lililo na pacha wake. Likishauzwa, limeuzwa.

Kila Alhamisi walisimama mbele ya ukuta ule, na kila mmoja akasema amefikia wapi na amekwama wapi. Argen alikwama mara nyingi, wala hakujali.

"Ukurasa wangu leo umekataa kabisa," alisema siku moja. "Ukibonyeza 'Lipa', unarudishwa mwanzo kama mtu aliyesahau funguo nyumbani."

Wote walicheka, na Aidai akakaa naye mpaka wakapata kosa.

Saikal hakuwahi kusema amekwama. Shuleni yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika hesabu, na akina mama walimwita Injinia. Programu yake ilifanya kazi vizuri alipoijaribu peke yake. Lakini alipofungua kurasa mbili na kununua zulia moja kwa pamoja, mara nyingine kurasa zote mbili zilimkubalia. Alirekebisha hapa, pakaharibika pale. Alhamisi ilipofika, Argen na Aidai walikuwa wamehamisha kadi zao, na Mwalimu Gulzat akamtazama.

"Na wewe, Saikal?"

"Tayari," alisema Saikal, akaibandika kadi yake pamoja na za wenzake. Moyoni alijiambia ataimalizia kabla mtu hajagundua.

Lakini hakuimalizia. Kila alipoifungua, aliifunga tena. Badala yake akachukua kadi nyingine: chembe za theluji zianguke polepole juu ya picha za mazulia. Kazi hiyo ilikuwa rahisi, na ilipendwa. Akina mama walikuja mmoja mmoja kuitazama theluji, wakampigapiga begani.

Siku chache baadaye Saikal alikuwa mezani kwa shangazi yake, mkate mkononi, simu ilipolia. Alikuwa yule mfanyabiashara, akiuliza alete lori lini.

"Mwaka huu usijisumbue, bwana," Shangazi Burul alisema kwa furaha. "Tuna duka letu. Watoto wameshamaliza, lipo tayari."

Saikal aliuweka mkate chini. Angeweza kusema wakati ule ule. Badala yake alijimiminia chai nyingine.

Jumamosi Mwalimu Gulzat aliwaita akina mama wote chumba cha nyuma pamoja na simu zao.

"Jumatatu tunawafungulia watu," alisema. "Leo tunajaribu kwa pesa za mchezo tu. Kazi yenu ni moja: liharibuni hili duka. Bonyezeni ovyo, nunueni ovyo, badilisheni mawazo. Afadhali tuaibike sisi kwa sisi."

"Kuharibu tunakuweza," alisema Bibi Kenje, mzee kuliko wote mle ndani, akiishika simu mbali na macho yake. "Haya, hili jekundu lenye nakshi ya pembe nyeusi nimelishona mwenyewe. Sasa nalinunua mwenyewe. Jamani, dunia imefika huku!"

"Thubutu!" alisema Nazgul, jirani yake. "Hilo nilikuwa nalitaka tangu uko nalo mapajani."

"Na mimi nalitaka," alisema Shangazi Burul, akabonyeza.

Simu tatu zililia kwa pamoja.

"Hongera, zulia ni lako," Bibi Kenje alisoma kwa sauti.

"Lako vipi? Hongera ni yangu, hii hapa!" alisema Nazgul.

"Na mimi nimepongezwa," alisema Shangazi Burul.

"Basi tulete mkasi tuligawane!" Nazgul alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha za vitambaa vyao. Kisha Shangazi Burul akaacha kucheka.

"Hebu ngojeni. Je, kama sisi watatu tungekuwa wanunuzi wa kweli? Mmoja yuko Almaty, mmoja Osh, mmoja ng'ambo, na wote wameshatoa pesa zao? Tungewaambia nini?"

Vicheko vilikatika.

"Ukurasa wa malipo ni wa nani?" Nazgul aliuliza.

"Ni wangu," alisema Argen.

"Ahaa! Si wewe uliyepasua dirisha la karakana kwa mpira? Na duka nalo umelipiga teke?"

Wachache walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Masikio ya Argen yaliwaka. Alikaa mbele ya kompyuta, akainama karibu sana na kioo chake.

"Labda nimekosea mahali," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui ni wapi. Nipeni nafasi niangalie."

Saikal alimtazama akipitia mstari mmoja baada ya mwingine, akitafuta kosa ambalo halikuwemo. Kama angenyamaza, Argen angelitafuta mpaka jioni, na labda angeamini kweli kwamba ni lake.

"Argen, acha," alisema. "Si wewe. Ni mimi."

Wote waligeuka.

"Ile sehemu ya kujua mazulia yaliyobaki ni yangu. Haijawahi kufanya kazi sawasawa."

"Lakini kadi yako si iko kwenye Tayari?" aliuliza Aidai.

"Niliiweka tu. Nilijua kuwa bado."

Shangazi Burul alisimama. "Ulijua? Siku ile nampigia yule bwana kelele za furaha kwenye simu, wewe ulikuwa umekaa mezani pangu, na ulijua?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mtoto wewe! Kazi ya msimu mzima wa baridi iko humu ndani. Migongo yetu imepinda kwa ajili ya mazulia haya. Tumemfukuza mnunuzi kwa ajili ya neno lako!"

Saikal hakujitetea. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Bibi Kenje alimsogezea kigoda, akamkalisha.

Mwalimu Gulzat hakupaza sauti. Aliibandua ile kadi ukutani, akampa.

"Irudishe inapostahili," alisema.

Saikal aliibandika chini ya Inafanyika.

"Na mimi nina langu la kusema," mwalimu aliendelea, akiwageukia akina mama. "Nilikuwa na wajibu wa kuijaribu kila kazi kabla ya kuiita tayari. Niliiamini kadi kwa sababu ni ya mtoto hodari. Kwa hiyo, dada zangu, Jumatatu hatufungui. Naomba mtuongezee wiki moja. Mkiona hamwezi kungoja, mpigieni yule bwana, hatutawalaumu."

Wanawake walinong'onezana. Hatimaye Bibi Kenje akasema, "Sufu hainuki wala haiozi kwa wiki moja. Mimi nangoja." Wengine wakaitikia. Shangazi Burul aliitikia mwisho, akiwa bado amekunja uso.

Walipobaki wenyewe, mwalimu aliwasimamisha mbele ya ukuta. "Muda tulionao ni mdogo. Tuondoe nini ili kilicho muhimu kipate nafasi?"

Saikal alinyoosha mkono akaibandua kadi ya theluji.

"Aa, theluji jamani!" Aidai alilalamika. "Inapendeza!"

"Inapendeza, lakini haiuzi zulia," alisema Saikal. "Itangoja."

Kesho yake Argen alikuja karakana mapema, amebeba bakuli la viandazi vilivyokaangwa na mama yake. Alikaa kando ya Saikal.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo," alisema Argen. "Halafu ningekusaidia. We unafikiri mimi nachekwa mara ngapi kwa siku?"

Saikal alijikuta akitabasamu. Akamweleza tatizo lote, tangu mwanzo, na alipokuwa akieleza, Argen alimkatiza.

"Ngoja, tuigize. Wewe ni duka. Hiki kiandazi ni zulia. Mimi ni mnunuzi wa kwanza. Kipo?"

"Kipo."

"Nakitaka."

"Haya, kalete pesa." Saikal alijifanya anangoja.

Argen alikwenda hadi mlangoni, akageuka, akarudi kwa mwendo wa maringo. "Sasa mimi ni mnunuzi wa pili, tajiri. Kipo?"

Saikal alitazama bakuli. "Kipo bado, maana wa kwanza hajarudi na..." Akapiga meza kwa kiganja. "Argen! Natazama kama kipo, halafu nakiacha palepale hadharani mpaka pesa zije! Nilipaswa kukiweka kando mara tu wa kwanza aliposema anakitaka!"

"Na asiporudi?"

"Nakirudisha bakulini baada ya muda. Lakini akiwa bado yuko njiani, hakuna mwingine anayekiona."

"Basi andika," alisema Argen, akakila kiandazi. "Zulia limeuzwa."

Haikuwa kazi ya siku moja. Programu ilikataa, wakaibadilisha, ikakataa tena kwa namna nyingine. Safari hii Saikal alisema kila kitu kilivyokuwa. Alhamisi alisimama mbele ya ukuta akasema, "Kuweka kando kumekubali. Kulirudisha zulia lisipolipiwa bado kunanishinda." Anga halikumwangukia. Mwalimu alivuta kiti, wakaangalia pamoja.

Akina mama waliitwa tena kuliharibu duka. Safari hii simu moja tu ilipongezwa, ya Nazgul. Ya Bibi Kenje ilimwambia: samahani, zulia hili limeshachukuliwa, tazama mengine.

"Limechukuliwa na nani? Zulia langu mwenyewe!" Bibi Kenje alifoka, halafu akacheka kuliko wote. Alijaribu tena na tena kumpokonya Nazgul zulia lile, akashindwa kila mara. Mwalimu Gulzat naye alijaribu kwa kompyuta zote kwa pamoja, akashindwa. Ndipo akamwambia Saikal ahamishe kadi yake.

Duka lilifunguliwa Jumatatu iliyofuata, bila theluji. Asubuhi nzima hapakuwa na kitu. Mchana mama mmoja wa mji wa Karakol alinunua zulia dogo la bluu, na karakana nzima ikapiga vigelegele hata mbwa wa jirani wakabweka. Kufikia mwisho wa wiki mazulia yalikuwa yakifungwa kwa kamba na kupelekwa posta karibu kila siku. Hakuna lililouzwa mara mbili.

Jioni moja Shangazi Burul alikuwa akifunga kifurushi, Saikal akimshikia kamba. Mwalimu Gulzat alikuwa akizima kompyuta.

"Mwalimu," alisema shangazi, "huyu mtoto wangu ni hodari, sikatai. Lakini lile neno lake moja lilikaribia kututia njaa."

"Ni kweli," alisema mwalimu. Akaketi juu ya rundo la sufu, akamtazama Saikal. "Sikiliza, binti. Kazi ya wengi ni kama nyumba inayojengwa na mafundi wengi. Fundi wa paa hupanda kwa sababu fundi wa ukuta amemwambia umekauka. Argen alijenga juu ya neno lako, mimi nikapanga juu yake, na shangazi yako akamkataa mnunuzi kwa neno hilohilo. Kukwama si aibu. Nimefanya kazi na watu wazima wenye vyeti vyao, na hukwama kila siku. Ukisema 'bado', tunajua pa kukusaidia. Ukisema 'tayari' wakati bado, unatuacha sote tukanyage mahali ambapo hapana sakafu."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Najua umeelewa. Ulisema mwenyewe mbele ya watu, wakati ungeweza kumwachia mwenzako lawama. Hilo lilikuwa gumu kuliko programu yenyewe."

Shangazi Burul alikaza fundo la mwisho, akakata kamba. "Haya, Injinia," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile uso wake ukakunjuka. "Shika upande huo tulibebe. Posta wanafunga."