Asali Iliyomfikia Kanini Tumboni

Watu wa Gachoka, tulieni. Leo sijaja kuwachekesha bure.

Asubuhi ilikuwa njema kwa Mukiri, mama yake Kanini. Ndengu zilikauka uani, mbuzi wakitafuna polepole kama wazee wa kanisa wakati wa matangazo. Shosho, nyanya ya mtoto na mama mkwe wa Mukiri, alikuwa akichambua ndengu.

"Kanini! Leta ungo, chumvi na kisu."

Kanini, miaka tisa, akatoka mbio. Akarudi amebeba kifaranga.

"Mkaidi huyu!" shosho akafoka. "Mwalimu amesema muhula ukiisha, atoke shuleni. Atoke basi, achunge mbuzi!"

Mtoto akalia. Hakujua amekosa nini. Na sisi majirani? Tulimwita Kesho, kwa sababu cha leo kesho amekisahau. Jina nililitunga mimi. Msinitazame hivyo, nanyi mlicheka.

Mukiri hakucheka. Alimpeleka hospitali, Embu mjini. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole:

"Mama, ukiwa na mimba yake ulikunywa pombe?"

"Mimi? Daktari, naimba kwaya!"

"Na muratina?"

"Ah, hiyo ni asali. Shosho alinipa kata moja kila jioni, mtoto apate nguvu."

Daktari akaweka kalamu chini.

Mnajua sisi. Hakuna posa bila muratina, kinywaji chetu cha asali, na mama mkwe akikupenda anakupimia kata yako. Lakini asali ikishachachuka ni pombe, hata ukiibatiza. Akinywa mama, mtoto wa tumboni naye amekunywa.

"Atapona?" Mukiri aliuliza, machozi yakimtoka.

"Ubongo ulioumia hivyo haurudi ulivyokuwa. Lakini atajifunza, akifundishwa kwa njia yake. Agizo moja kwa wakati. Picha. Subira. Na usijiue kwa lawama, hakuna aliyekuambia."

Mukiri alienda moja kwa moja kwa Mwalimu Nthiga. "Mwalimu, huyu si mkaidi, ameumia. Nipe muhula mmoja tu." Mwalimu akakubali, akamketisha mbele. Nyumbani, Mukiri alichora ukutani kwa makaa: beseni, sare, kikombe, mkoba. Mbuzi wangechora vizuri zaidi, lakini kila asubuhi Kanini aligusa picha moja, akafanya, akagusa nyingine.

Muhula ulipokaribia kuisha, Lorna, mke wa mwana mdogo wa shosho, akapata mimba. Wanawake wakajaa uani kumpongeza. Shosho akainua kata.

"Shika, mwanangu. Asali."

Mukiri akasimama. "Lorna, usinywe."

Wanawake wote wakamgeukia. Hata kuku waliacha kuparua.

"Kanini hakuzaliwa mkaidi. Ni muratina niliyokunywa nikiwa naye tumboni."

"Unaniaibisha mbele ya wageni?" shosho akauliza, kata bado mkononi.

"Hapana, mama. Ulinipa kwa upendo, nikanywa kwa upendo. Hatukujua. Sasa tunajua."

Hapo Kanini, aliyetumwa na mama yake, akatokea jikoni ameshika sinia na kadi yenye picha tatu. Akaiweka sinia mbele ya Lorna, akagusa kadi, akataja: "Uji. Kikombe. Sukari."

Shosho akavitazama. Vyote vitatu. Wala hakukuwa na kifaranga.

Shosho akainuka, akaimwaga muratina chini. "Nyanya yako alikuwa mjinga, Kanini," akasema, akimkumbatia. "Nisamehe."

Vigelegele vilisikika hadi sokoni. Jioni hiyo mama wawili wengine walimfuata Mukiri wakinong'ona, "Hata wangu yuko hivyo." Sasa wako kumi na mmoja, wanatembelea kila mjamzito, na Mwalimu Nthiga anawachorea kadi. Kanini yuko darasani, haendi popote. Juzi aliniona njiani akaniita, "Wewe Kesho!" Nimestahili.

FUNZO

Mjamzito asionje pombe hata kidogo, iwe ya chupa au ya asali. Mtoto aliyeumia tumboni hahitaji fimbo wala jina la kejeli. Anahitaji njia yake ya kujifunza. Na mama yake tusimnyooshee kidole, tumshike mkono.